Tundu la Pumzi

Kiongoroni,
2 Mei 1952

Kwa shemeji yangu Semeni bin Mshamu, fundi wa mashine ya mpunga ya Bwana Tajdin, Kibiti.

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Dada yako Mwamini mzima, anakusalimu na anakulaumu kwamba tangu Idi ya mwaka jana hujatia mguu hapa.

Nakuandikia kwa sababu nimevishwa kilemba nisichokiomba. Tangu dereva Bushiri afungwe, boti ya Bwana Hiralal imelala matopeni na boriti zake zimelundikana ufukweni. Wiki iliyopita kanijia: Huseni, boti hii umeikalafati wewe, basi iendeshe wewe mpaka nipate mtu. Nikamwambia, Bwana, mimi fundi wa mbao, kazi yangu pamba na mafuta ya papa, naziba palipoachana. Chuma sikijui. Akasema injini nayo ni chombo tu. Haya bwana.

Shemeji, injini hii kongwe, nadhani hata aliyeiunda hayumo tena duniani. Ubavuni ina kifuniko kinachoshikwa na bolti sita. Nne ndizo zile alizoziharibu Bushiri, ulizozishika mkononi mbele ya hakimu. Mashimo yake yameliwa hesi yote, yale meno ya kushikia bolti. Ukitia bolti inazunguka tu, haing'ati. Mafuta yanamwagika mpaka ndani ya boti hapakanyagiki. Juzi nimeanguka mara mbili, na dada yako badala ya kuninyanyua alikaa chini akacheka.

Nifanye nini? Nielekeze polepole, kama unamwelekeza mtu asiyejua kitu, maana ndiye mimi.

Jirani yetu Mwanaidi bado yumo nyumbani kwa Bushiri, anakaa eda. Unajua Bushiri alimwandikia talaka moja kutoka jela mwezi wa Machi, eti asiitwe mke wa mfungwa. Kwa hesabu ya mwalimu eda inakwisha tarehe 12 Juni. Mwamini kaniambia nikuandikie hayo. Kwa nini, mimi sikuuliza.

Wako shemeji,
Huseni Shaabani


Kibiti,
7 Mei 1952

Kwa shemeji Huseni,

Waalaikum salaam. Barua nimeipata. Umenichekesha, lakini injini si mchezo, kwa hiyo nisikilize.

Nimekukerezea vipande vinne vya shaba ya manjano. Kila kimoja kina hesi nje na hesi ndani. Nakutumia pia ncha ya kutobolea na kikata hesi, na ukivipoteza usinionyeshe uso. Shimo lililoliwa ulipanue kwa keekee yako, wima, usilaze mkono. Pakaa grisi kwenye ncha ili unga wa chuma unase hapo usiangukie ndani. Kisha ingiza kikata hesi: nusu mzunguko mbele, robo nyuma, tone la mafuta, nusu mbele tena. Ukikisukuma kwa nguvu kitavunjikia humo, na hapo tutazika injini. Mwisho pakaa kipande cha shaba rangi nyekundu, kikaze mpaka kilingane na uso wa chuma, ukiache siku nzima. Bolti itang'ata ndani ya shaba kama siku iliyozaliwa.

Bolti kazi yake kushika, si kunyongwa. Mkono mmoja, spana fupi, basi. Ndivyo nilivyomwambia hakimu siku ile. Bwana Hiralal aliniletea zile nne ndani ya kifuko, nikazitazama hapa hapa mezani pangu, hata boti sikuhitaji kuiona. Zilikuwa na chuma kilichochanika kwenye meno. Nikasema: hizi zimekazwa kwa bomba lililovishwa kwenye mpini wa spana, na hakuna dereva anayefanya hivyo ila anataka kuua injini. Watu wote walijua kwamba Bushiri aligombana na bwana wake kabla ya hapo. Miezi sita ni michache.

Ndani ya kifurushi mna doti mbili za kanga na mche wa sabuni. Mpe Mwamini, yeye anajua za nani. Yule jirani yenu hajambo? Anakula vizuri?

Semeni Mshamu


Kiongoroni,
15 Mei 1952

Shemeji Semeni,

Vifaa nimevipata, na kazi nimeifanya. Siku nne nzima! Nusu mbele, robo nyuma, mpaka usingizini mkono unazunguka. Vipande vinne vimekaa sawasawa. Mwamini kasema vinang'aa kama meno ya dhahabu ya bibi harusi.

Tukawasha. Ikanguruma, watu wakashangilia, tukaenda mpaka kisiwa cha pili na kurudi. Sikuona tone. Nikasema moyoni, Huseni, leo umekuwa mtu.

Kesho yake, shemeji, mafuta! Yanatoka kwenye kifuniko kile kile. Nikakaza kidogo. Yakatoka kwa mbele, kwenye mhimili. Nikafunga kamba pale na kurudi kukaza kifuniko. Yakavuja. Nikakaza. Mwishowe nilichukua bomba la pampu ya zamani, nikalivisha kwenye spana nipate nguvu, nikakaza mpaka mishipa ikasimama. Ikalia kra! Shimo la tano hilo, limeliwa. Lilikuwa zima, sasa bolti inazunguka tu.

Usinigombeze. Nilifanya nini? Yanavuja nakaza, nakaza yanavuja. Nitumie kipande cha tano.

Kanga zimefika. Mwamini kazificha chini ya kitanda na uso wake haukuwa mzuri. Anasema mwanamke yumo ndani ya eda ya kurejewa, mumewe bado ana haki naye, na wewe umesoma chuo cha Kurani, unajua haifai hata kumdokeza. Nami ndipo nilipoelewa. Semeni! Umenifanya mshenga bila kuniambia?

Huseni Shaabani


Kibiti,
17 Mei 1952

Huseni,

Weka spana chini. Usiiguse tena mpaka umalize kusoma.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimesimama pale pa bomba. Wewe hukugombana na mtu. Wewe unaipenda boti ile. Kwa nini basi umefanya kile kile alichofanya Bushiri, na kwa maneno yale yale aliyomwambia hakimu, yanavuja nakaza? Hukuwapo barazani. Nani kakuambia maneno yale?

Sasa nijibu jambo moja. Juu ya injini, nyuma ya gurudumu, pana kibomba kifupi kilichopinda, mdomo wake unapita kidole gumba. Hilo ni tundu la pumzi. Injini ikifanya kazi, hewa ya tumboni hutokea hapo, na huwa inatema mafuta kidogo, si kitu. Ikikosa kutoka hapo, husukuma mafuta kwenye kila mwanya. Weka kiganja chako hapo ikiwa inanguruma, uniambie: unasikia pumzi au husikii?

Jibu kwa mtumbwi wa kwanza unaokwenda Nyamisati. Mengine yote yaache.

Semeni


Kiongoroni,
22 Mei 1952

Shemeji yangu,

Maneno yale hakuniambia mtu. Yalinitoka mwenyewe.

Kibomba nimekiona. Loo, kumbe ndicho hicho! Hakina pumzi, na hakiwezi kuwa nayo, maana nilikiziba mimi. Ilikuwa Septemba mwaka jana boti ilipopandishwa pwani. Nilikuwa naikalafati, nikaona kinatema mafuta kwenye mbao zangu mpya. Nikasema hapa pia pana tobo. Nikasokota pamba, nikaichovya mafuta ya papa, nikaigonga kwa patasi mpaka ikawa ngumu kama jiwe, nikapitisha lami juu. Kazi safi, hata Bwana Hiralal alipita asione kitu.

Wewe utasema kwa nini sikumwambia dereva. Shemeji, sisi wa kalafati tobo ukishaliziba hulitaji. Babu yangu alikuwa akipiga mtu kofi kwa kulitaja. Ukilitaja kabla chombo hakijamaliza safari tatu, umeliita lifunguke. Zikiisha safari tatu ndipo unamwonyesha mwenye chombo. Safari tatu zilipoisha nilikuwa Mbuchi kwenye jahazi la watu wengine, nikasahau. Ni tobo moja kati ya matobo mia.

Nimekizibua leo bila kungoja uniambie. Niliitoboa pamba kwa msumari huku injini inanguruma. Mwe! Ile pamba ilifyatuka pwaa, ikaruka juu ya kichwa changu, ikatua ndani ya sufuria ya wali wa Mwamini pale ufukweni. Tukacheka wote. Hata Mwanaidi alicheka, na huyo hajacheka tangu Februari. Moshi ukatoka puu puu puu. Na mafuta, shemeji, yakakatika! Kwenye mhimili hakuna kitu. Kwenye kifuniko yanadondoka pale kwenye bolti ya tano tu.

Nikakaa chini kukuandikia habari njema. Nimeandika mpaka hapo juu, kwenye wali. Halafu nikaanza kuhesabu.

Niliziba Septemba. Injini ilianza kuvuja lini? Nimemuuliza Mwanaidi. Kasema Oktoba, mume wake alikuwa akirudi nyumbani nguo zimelowa mafuta na hajui kwa nini. Alikuwa akikaza kila siku. Oktoba, Novemba, Desemba.

Semeni. Ni mimi.

Lahaula. Mtu anakula ugali wa jela kwa pamba yangu. Kamwacha mke wake kwa pamba yangu. Nami kila siku napita mlangoni kwao nasema hodi, nampa Mwanaidi samaki, naona nafanya wema!

Sijamwambia. Nimeshindwa kumtazama. Lakini bado kuna nafasi, shemeji: talaka ni moja, na eda haijesha. Bushiri akijua kabla ya tarehe 12 kwamba jina lake safi, atamrejea. Nitumie kipande cha tano upesi. Nikilifunga tundu la bolti ya tano nitapandisha boti hii mtoni mpaka Utete, nimweleze hakimu kwa mdomo wangu. Mto umejaa, kwa mtumbwi na upondo sitafika hata kwa wiki mbili.

Haraka, kwa jina la Mungu.

Huseni


Kibiti,
28 Mei 1952

Huseni,

Nimechelewa siku moja kukujibu. Kipande cha tano nimekikereza. Kipo mbele yangu mezani.

Sikiliza, tuzungumze kama watu wazima. Bushiri atatoka Agosti kwa vyovyote. Ni wiki chache. Hakimu akisikia leo, atauliza kwanza: yule fundi aliyeapa, aliiona injini? Nami nitasema nini? Nilishika Msahafu nikasema najua, na nilichokijua ni bolti nne ndani ya kifuko. Bwana Tajdin atanifukuza. Kibiti nzima hawatanipa hata baiskeli niitengeneze.

Na hilo si kubwa. Kubwa ni hili, na nakuambia wewe peke yako. Nilimwona Mwanaidi Idi ile nilipokuja kwenu, akiteka maji na dada yangu. Sikusema neno, ni mke wa mtu. Naapa, barazani sikumfikiria. Bolti ndizo nilizozitazama. Lakini talaka ilipokuja nilifurahi. Tangu siku ile nahesabu siku. Nimeezua nyumba, nimeiezeka upya. Nani ataniamini sasa? Watasema Semeni alimfunga mwanamume ili amchukue mke.

Nakuomba siku kumi na tano. Mpaka tarehe 12 ipite. Baada ya hapo sema unachotaka, nami nitasema. Bushiri atatolewa na kulipwa heshima yake yote. Kipande nitakutumia tarehe 13.

Barua hii ichome.

Semeni


Kiongoroni,
2 Juni 1952

Kwa kaka yangu Semeni,

Huseni hakuichoma. Kanipa niisome.

Naandika mwenyewe, na mwandiko wangu mbaya utauvumilia. Kaka, nimesoma nikakaa kitako kwenye mchanga. Nikasema huyu si mtoto wa Mshamu, mtu kaiba jina lake. Ramadhani hii! Unafunga? Unafunga tumbo peke yake?

Unasema hukumfikiria barazani. Nakuamini. Mimi dada yako nakuamini, na huenda ni peke yangu duniani. Lakini siku ile hukujua. Leo unajua. Siku hizi kumi na tano unazoziomba ndizo utakazomfunga Bushiri kwa mkono wako, na hizi hazina pamba wala lami.

Nimemwambia Mwanaidi. Hakulia. Aliniuliza: kaka yako anajua tangu lini? Nikasema tangu wiki iliyopita. Akaniuliza: na zile kanga chini ya kitanda chako ni zangu? Nikatamani ardhi inimeze. Doti mbili hizi hapa, na sabuni, hazijafunguliwa. Usimtumie mwanamke wa watu kitu tena.

Huseni kaondoka leo asubuhi. Tundu la tano kalifunga kwa ufundi wake, bolti kaivisha pamba na lami. Mafuta bado yanavuja. Kaweka kopo chini, likijaa anayamimina juu tena. Kasema atakwenda hivyo hivyo, kopo kwa kopo, mpaka Utete. Mimi najua hatafika kwa wakati, na yeye anajua, kaenda.

Wewe upo Kibiti kwenye barabara ya malori. Una miguu.

Dada yako,
Mwamini binti Mshamu


Kiongoroni,
25 Juni 1952

Kwa Semeni bin Mshamu, Kibiti.

Nakusalimu. Idi nimesali nyumbani.

Huseni anasema uliondoka Utete siku ile ile, kwa hiyo hujui mwisho wake. Nakuandikia ujue.

Tarehe 9 askari jela aliniita. Nilidhani ni kazi ya kufyeka. Akanipeleka barazani nikakukuta umesimama, matope mpaka magotini, midomo imekauka kwa saumu. Ulikuwa unamwambia hakimu: niliapa kwa kitu nisichokiona. Nilishtuka hata sikuelewa. Nilidhani umekuja kuniongezea. Ukasema habari ya pamba. Ukasema habari ya bomba la spana, kwamba mtu asiye na ugomvi na yeyote kafanya vile vile. Halafu hakimu akakuuliza kwa nini umekuja sasa, ungeweza kungoja. Ukasema habari ya Mwanaidi. Mbele ya watu wote. Hakuna aliyekulazimisha hilo.

Nikaomba mashahidi wawili, askari na karani wakasimama, nikatamka kwamba nimemrejea mke wangu. Nilipogeuka hupo. Ulimwachia askari kitu kidogo ndani ya karatasi, kipande cha shaba, ukasema kipewe Huseni akifika.

Huseni alifika tarehe 14. Siku mbili baada ya eda kwisha. Mafuta yalimwishia njiani, wakamvuta watu wa mitumbwi. Alipanda ufukweni nilipokuwa nafyeka na wafungwa wenzangu, analia kama mtoto, anashika miguu yangu, anasema nimechelewa, nimechelewa. Ilinichukua muda kumwelewesha. Kama ungengoja boti yake, leo ningekuwa mtu asiye na mke.

Nimefunguliwa tarehe 16. Kipande chako nimekitia mwenyewe pale Utete, nusu mbele, robo nyuma, na tumerudi naye kwa injini. Bwana Hiralal kanirudishia usukani na kashindwa kunitazama usoni. Tundu linapumua. Huseni nimemkataza kulisogelea akiwa na pamba mkononi, na safari hii kacheka.

Mwanaidi aliniuliza jambo moja tu: ni kweli alikuja kwa miguu yake? Nikasema kweli, lori lilikwama akaliacha.

Sasa langu. Sijakusamehe, na sitaki kukudanganya kwenye karatasi. Jela si kitu, nimefyeka majani, nimelala, nimeamka. Lakini siku ile ya Februari nilipomwambia hakimu, yanavuja nakaza, nakaza yanavuja, watu walicheka. Watu wa Kiongoroni walikuwapo, wakacheka. Nawe umekaa mbele na kifuko chako, ukacheka. Nilikuona. Miezi minne nimelala na kicheko kile.

Utete umesema, lakini Utete hawanijui. Alhamisi ijayo, tarehe 3, nitaleta boriti Nyamisati. Njoo upande boti yangu. Utakaa pale karibu na injini usikie inavyopumua, na tukifika Kiongoroni utashuka uwaambie wale waliocheka.

Nitakungoja mpaka maji yaanze kupwa. Mwamini atapika. Mwanaidi kasema naye atakuwepo, anataka kusikia.

Bushiri